Ndege zinatoka kali lakini "zimekufa": nisaidieni kabla ya maonyesho ya Uhuru Gardens

Ngaramtoni_Picha

Wakuu, habari za leo.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, sendoff na kipaimara hapa Arusha. Kazi yangu ni watu wanaotulia mbele ya kamera, na wasipotulia kuna MC wa kuwatuliza. Sasa shemeji yangu anayekaa South C, Nairobi, amenialika nipande huko kwa ajili ya maonyesho ya ndege pale Uhuru Gardens, Lang'ata. Ndege nazipenda tangu utoto ila sijawahi kuzipiga picha kwa maana.

Kwa hiyo nimeanza mazoezi. Kuna mgahawa karibu na uwanja wa Kisongo, nakaa pale na soda yangu nikisubiri Caravan za watalii (ndege ndogo za propela moja) zinazopaa kwenda Serengeti. Kamera ni Nikon D5300, lenzi ni AF-S 70-300 (milimita, namba ikiwa kubwa inavuta mbali zaidi) yenye VR, yaani kituliza mtikisiko. Niliangalia mafunzo mtandaoni, wote wanasema shata kali, yaani mlango wa mwanga ufunguke na kufunga haraka, nikaweka 1/2000 ya sekunde. Picha ni kali, siwezi kudanganya. Namba ya usajili inasomeka 5H mpaka herufi ya mwisho, misumari ya bawa unaihesabu. Lakini propela imeganda. Ndege inaonekana kama ya kuchezea iliyoning'inizwa kwa uzi. Nilimwonyesha mke wangu akaniuliza, "Hii imezimika?"

Naombeni msaada kwenye mambo haya. Kwanza shata, niweke ngapi? Pili, kuna jamaa anakodisha lenzi ya 150-600 kwa siku, je inafaa nijibane niikodi? Tatu, nikifika pale nisimame wapi? Uhuru Gardens naijua kwa kupita tu na gari.

Asanteni.

---

KameraKali

1/4000 mkuu, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) acha ipande yenyewe. Kwenye ndege hakuna kasi inayozidi. Ukishusha shata utarudi na ukungu mtupu. Na lenzi kodi, 300 ni ya kupigia mbuzi.

---

Fundi_Mstaafu

Salaam kwenu nyote.

Ndugu wa 1/4000 simgombezi, ila amejibu swali ambalo kijana hakuuliza. Kijana keshasema picha zake ni kali. Kinachomkera ni kuona injini imezimwa na ndege iko hewani. Nami niliyekula chumvi nyingi pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikifunga na kufungua propela za watu, picha ya namna hiyo hunitia tumbo joto. Propela ikisimama angani, kwetu mafundi huo ni mwanzo wa ripoti ya ajali.

Tupige hesabu, mwanangu, maana ukishaielewa hutahitaji kumwuliza mtu tena. Propela ya Caravan wakati wa kupaa huzunguka mara 1,900 kwa dakika, yaani karibu mara 32 kwa sekunde. Shata yako ya 1/2000 ikifunguka na kufunga, panga limesogea chini ya nyuzi 6. Jicho haliwezi kuona mwendo hapo. Kwa 1/500 linasogea nyuzi 23 hivi, ncha zinaanza kufifia. Kwa 1/250 ni kama nyuzi 46, na hapo hata mama watoto hatauliza swali. Ukiteremka hadi 1/125 panga limefagia nyuzi 91. Caravan ina mapanga matatu yaliyoachana nyuzi 120, kwa hiyo duara linakaribia kufungika lote. Hiyo ndiyo picha tunayoibandika ukutani karakana.

Ila 1/125 si dawa ya kila ndege. C-27J, ile ya mizigo ya jeshi letu la anga, mapanga yake huzunguka polepole kuliko ya Caravan, karibu mara 1,000 kwa dakika. Lakini kila injini ina mapanga sita, pengo ni nyuzi 60 tu, na 1/125 inaziba sehemu kubwa yake. Helikopta ndiyo kichwa ngumu. Rota kubwa (propela ya juu) ya helikopta aina ya Huey huenda mara 320 hivi kwa dakika na ina mapanga mawili. Kwa 1/125 hayo yamesogea nyuzi 15, yaani bado yanaonekana kama mbao mbili. Ukitaka yachangamke shuka hadi 1/60, na kwa lenzi ya 300 mkononi hapo tunaongea habari za riziki. Nafuu ni kwamba helikopta hupenda kuelea pahali pamoja, basi utapiga nyingi na moja itakubali.

Jeti haina propela, kwa hiyo huko umsikilize ndugu yetu wa juu, japo 1/1250 yatosha. Jambo la kukumbuka na jeti ni sauti. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. F-5, jeti ya kivita, ikiwa umbali wa kilomita moja, ngurumo inakufikia baada ya sekunde tatu, na kwa mwendo wa kilomita 700 kwa saa ndege imeshasogea zaidi ya nusu kilomita. Ukigeuzia kamera kule sauti inakotoka utapiga mawingu. Tazama mbele ya sauti. Au fanya kama ninavyofanya mimi, watazame watoto waliokaa mabegani mwa baba zao. Wao huiona kwanza na huonyesha kwa kidole.

Sasa jua. Hapa ndipo video za Wazungu zitakupoteza. Wao wanakuambia kusini ndiko kwenye mwanga, upe mgongo kusini. Ni kweli kwao. Maonyesho ya kwanza pale Uhuru Gardens yalifanyika Mei 2022, na mwisho wa Mei jua letu la saa sita liko upande wa kaskazini, tena juu sana, nyuzi kama 67 kutoka upeo wa macho. Mwanga unapiga mgongo wa ndege, na wewe uliye chini unaona tumbo. Tumbo lenye kivuli, mbele ya anga jeupe. Kamera inaona weupe ule inatia giza picha nzima, na Caravan nyeupe inatoka ya kijivu. Kitufe cha +/-, kile cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, ukipandishe +0.7, na anga likiwa la mawingu kabisa fika +1. Ndege ikilalia bawa ili ikate kona, hapo ndipo mgongo unaelekea kwako na mwanga unamwagika. Basi subiri kona. Ndege iliyonyooka juu ya kichwa chako saa sita mchana usihangaike nayo, itazame kwa macho, ni burudani pia.

Kuhusu mahali, uwanja wa Wilson uko mashariki mwa Uhuru Gardens. Asubuhi kinachotoka upande wa Wilson kinakujia na jua nyuma yake. Alasiri, kuanzia saa tisa, mambo yanageuka na ndege inakuja kwako uso umeng'aa. Asubuhi hiyo itumie kwa ndege zilizoegeshwa, kabla watu hawajajaa na kuzifanya viegemeo. Alasiri ndiyo ya hewani. Mvua za masika zikichelewa kwisha mawingu yatakuharibia hesabu yote hii, lakini huko ni kwa Mungu.

Lenzi waachie wengine waseme, mimi natumia ya zamani.

---

Mswahili_Cambridge

Fundi, shikamoo. Nimesoma kwa raha.

Naongezea kutoka huku Uingereza. Mimi niko karibu na Duxford, kwenye makumbusho ya ndege ya Imperial War Museum, na huwa nahudhuria maonyesho yao. Alichosema Fundi kuhusu jua ni kweli tupu, na Duxford ndiyo mfano mbaya kuliko yote. Majengo na watazamaji wako kaskazini mwa njia ya kurukia, wote tunatazama kusini, na jua la huku mchana kutwa liko kusini. Yaani umelipa kiingilio upigwe jua usoni. Nusu ya picha zangu ni vivuli vyeusi vya Spitfire, ile ndege ya kivita ya propela ya zamani. Baada ya muda unaacha kupigana na hali, unatafuta wingu zuri nyuma na unakubali kivuli. Kivuli cha Spitfire kwanza kina sura yake, lile bawa la duaradufu hata mtoto analitambua. Caravan, samahani Fundi, haina umbo la kukuokoa namna hiyo.

Kwa Spitfire mimi natumia 1/200. Inategemea lakini, siku nina usingizi natumia 1/320.

Lenzi ya 150-600: kaka, usikodi kwa mara ya kwanza. Ninayo. Ni karibu kilo mbili, na kwa kamera ndogo kama D5300 uzito wote unakwenda mbele. Saa moja ya kwanza utajisifu, saa ya tatu mkono wa kushoto unatetemeka, na mkono unaotetemeka na 1/125 havikai nyumba moja. Halafu kwa 600 unaona kipande kidogo sana cha anga. Ndege ikishakutoka kwenye fremu kuirudisha ni kazi. Na wakija wanaoruka kwa kikundi na moshi, hawakutoshi humo, utabaki na mkia wa mmoja na pua ya mwingine. Lenzi yako ya 300 kwenye kamera hiyo yenye kihisi kidogo inavuta kama 450 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Inatosha.

Huku Uingereza nakiri 300 imekuwa fupi zaidi, maana baada ya ajali ya Shoreham ya Agosti 2015, jeti ya zamani aina ya Hunter iliyoangukia barabarani ikaua watu 11, masharti ya maonyesho yalikazwa na ndege zikasogezwa mbali zaidi na watu. Sitaki kulalamikia hilo.

VR iache "Normal", usiweke "Active". Kwenye Normal lenzi hiyo inatambua yenyewe kwamba unaisogeza kwa makusudi kumfuata kitu, inatuliza mtikisiko wa juu na chini tu. Fokasi weka AF-C (inayoendelea kufuata kitu kinachosogea) na pointi 9 za kati. Zote 39 ukiziacha huru, zikiona moshi au tawi la mti zinakimbilia huko.

---

KameraKali

Sawa kuhusu propela nimeelewa. Ila 1/125 kwa mtu anayeanza ni kumtuma vitani bila kofia. Atarudi na picha ngapi?

---

Bint_Kisauni

Atarudi na chache, na ndiyo maana afanye mazoezi kwa kitu kingine kabla. Mimi napiga ndege wa manyoya Mida Creek, si wa chuma, lakini mwili ni uleule.

Kaka wa Ngaramtoni, acha kidogo Kisongo. Simama pembeni mwa barabara kuu ya Namanga, mbali kidogo na lami, upige bodaboda zinapokupita kwa ubavu. Anza na 1/250. Ukizipata, 1/125. Ukizipata, 1/60. Boda ziko nyingi na hazina ratiba, kwa asubuhi moja utafanya mazoezi ambayo Kisongo yangekuchukua mwezi. Ukiona dereva na namba ya pikipiki vinasomeka, na magurudumu na miti ya nyuma vimefutika, mkono wako uko tayari.

Na mwili: nyayo zielekeze pale unapotaka kubonyeza, si pale ndege inapotokea. Halafu jipinde kiuno urudi kuipokea inakotoka. Ikija, unajifungua nayo, na ikifika mbele yako mwili umelegea umenyooka. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza wamenyooka na wakati muhimu wamejikunja kama... basi, wamejikunja. Viwiko vibane mbavuni. Anza kuifuata mapema sana, na ukishabonyeza usisimame, endelea kuifuata mpaka ipite. Kamera ikisimama pamoja na kidole, fremu ya mwisho inaharibika, na mara nyingi ndiyo ilikuwa nzuri.

Piga tatu tatu au nne nne. Ukiikandamiza shata kwa RAW (picha ghafi, faili kubwa), D5300 inajaa na inakukalia kimya wakati jamaa wanapishana mbele ya jukwaa. Hilo ndilo tukio utakalolililia.

Ushauri wa mwisho ni wa simu. Usiidharau. Moshi ukichorwa angani umbo lote, lenzi ya 70 haitoshi kulichukua, simu inachukua. Watu wametazama juu, mikono iko usoni, mzee ameshika kofia, hiyo pia piga kwa simu. Wewe ni mtu wa harusi, utaona mwenyewe. Albamu ya matumbo ya ndege peke yake inachosha.

Na droni ukiwa nayo iache Arusha, tafadhali.

---

Fundi_Mstaafu

Marhaba, kijana wa Cambridge. Caravan haina umbo la Spitfire, nakubali, lakini Caravan inalipa mishahara.

Binti amesema kweli kuhusu boda, nami naongeza ngazi. Siku yenyewe usianze chini. Ndege ya kwanza ya propela piga kwa 1/500, upate za akiba. Ikirudi, 1/320. Mara nyingi rubani hupita zaidi ya mara moja, basi kila anaporudi wewe unashuka ngazi moja. Ukifika 1/160 na bado unapata, endelea. Ukianza kupoteza zote, panda moja, bakia hapo. Hivyo hutarudi mikono mitupu, na ndugu yetu KameraKali atalala usingizi.

Kamera weka kwenye S (wewe unachagua shata, kamera inajaza mengine), ISO ya otomatiki, ili usiwe unachezea vitufe vitatu wakati ndege iko juu.

Na hilo la droni ni la kutiliwa mkazo. Huku ina vibali vyake, na mahali penye ndege zinazoruka chini chini ni hatari kwa roho za watu. Vilevile ukiwa ndani ya maonyesho piga utakavyo, ndiyo maana ya maonyesho, lakini ukitoka usianze kuelekeza lenzi kwenye uzio wa uwanja au kwenye chochote cha jeshi. Utaeleza habari za kipaimara kwa mtu asiyetaka kusikia.

---

Ngaramtoni_Picha

Shikamoo Fundi, na asanteni nyote. Lenzi sikodi tena, hiyo hela itakuwa ya nauli na nyama choma.

Boda nimezipiga mpaka madereva wananisalimia. Kwa 1/125 nazipata vizuri sasa. Jana nikarudi Kisongo na 1/125, na wakuu, propela imekuwa duara! Nyingi zimeharibika lakini zilizokubali nimezitazama usiku mzima. Mke wangu kasema, "Hii inaruka."

Ila limezuka jingine. Kwenye picha hizi za 1/125 kuna madoa meusi angani, ya mviringo, yenye ukungu. Yako palepale kwenye kila picha, matatu makubwa upande wa kulia juu na mengine madogo. Za 1/2000 hazina hata moja. Lenzi nimefuta mbele na nyuma, hayatoki. Imeingia fangasi? Nimeogopa.

---

Mswahili_Cambridge

Angalia kwenye taarifa za picha, f (ukubwa wa kitundu cha lenzi) inasoma ngapi?

---

Ngaramtoni_Picha

f/16. Nyingine f/14. Za zamani zote f/5.6 au 6.3.

---

Fundi_Mstaafu

Alhamdulillahi, lenzi yako ni nzima. Hilo ni vumbi juu ya kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, na limekuwepo siku zote. Kwenye jua kali ukiiambia kamera 1/125, ISO inashuka hadi 100 na bado mwanga ni mwingi, kwa hiyo inakibana kitundu cha lenzi mpaka f/16. Kitundu kikiwa kidogo, kila punje ya vumbi inatupa kivuli kilichokolea. Kwa f/5.6 kivuli kinatawanyika usikione. Harusini hukuliona kwa sababu ukumbini hufiki f/16, na pia nyuma ya bibi harusi kuna maua, hakuna anga tupu.

Fanya mawili. Kamera isafishwe kihisi na mtu anayeijua hiyo kazi, usipulize kwa mdomo, mate yakifika pale ndiyo utajua matatizo. Kisha tafuta chujio la polaraiza, kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, lenzi yako inachukua la milimita 67. Litakula karibu stopu moja na nusu ya mwanga (stopu moja ni nusu ya mwanga kupotea), f itarudi kwenye 9 au 10, madoa yatapungua na picha yenyewe itakuwa kali zaidi, maana f/16 kwa kamera hiyo inalainisha. Lizungushe utazame, lisikupe anga lenye bluu upande mmoja na nyeupe upande mwingine. Ikija jeti, lifungue uliweke mfukoni, huko unahitaji mwanga wako wote.

Ukilikosa Arusha njoo siku moja kabla, upite mjini kwa wauza kamera ndipo uende South C. Asubuhi ya maonyesho Lang'ata Road haitakuruhusu kwenda popote.